Kitenzi "Take" Masikioni mwa Mchina

Vuta kiti, na kama una karatasi na kalamu karibu, ziweke tayari, maana leo kuna kazi kidogo.

Leo nina kitenzi kimoja tu. Ni kitenzi cha Kiingereza, kifupi, cha herufi nne, na kila aliyepita shule ya msingi amekutana nacho: "take". Ukiulizwa maana yake utajibu nini? Utasema "chukua". Mwalimu wako alikwambia hivyo hivyo, nawe ukaandika kwenye daftari: "take", chukua. Hujakosea. Lakini tuliweke jibu hilo mezani dakika chache, tuone litatufikisha wapi.

Nataka tukifuate kitenzi hiki tukiwa na mwanafunzi wa Kichina. Kwa nini Mchina? Kwanza, kwa sababu wengi wenu mnakutana na Wachina kila siku, kwenye ujenzi wa barabara, kwenye maduka ya jumla Kariakoo, kwenye viwanda, na mara nyingi lugha mnayoelewana nayo ni Kiingereza, ambacho si lugha ya mama kwako wala kwake. Pili, kwa sababu pale Mchina anapokwama, mara nyingi na sisi tumekwama hapo hapo, ila hatujaona. Ukimtazama mwenzako akihangaika na fundo, unaliona fundo lenyewe vizuri zaidi kuliko linapokuwa mikononi mwako. Hiyo ndiyo sababu hasa.

Haya, tuanze na dawa.

Mchina akiumwa kichwa, kwa lugha yake husema "chi yao". "Chi" ni kula, "yao" ni dawa. Anakula dawa. Sisi je? Sisi tunakunywa dawa, hata ikiwa ni kidonge kikavu. Mwingereza hali dawa, wala hainywi. Anasema "take medicine". Sasa Mchina akianza kusema Kiingereza, analeta kitenzi chake cha nyumbani, anasema "eat medicine". Mtoto wetu wa darasa la tano naye analeta cha kwao, anasema "drink medicine". Mnaona? Makosa mawili tofauti, chanzo kimoja. Wote wawili wamebeba kitenzi cha lugha yao wakakivusha mpaka bila kukifungua.

Twende kwenye usafiri. Mwingereza husema "take a bus". Je, basi analichukua? Analiweka mfukoni? Mchina husema "zuo che", na "zuo" maana yake ni kukaa, kuketi. Kwake, kusafiri kwa basi ni kuketi ndani ya basi. Sisi tunapanda. Sisi tunatazama mguu unaokanyaga ngazi, Mchina anatazama kiti, Mwingereza anasema "take" na kuendelea na safari.

Tuendelee, nifuateni polepole. Picha: Mwingereza "takes a photo", sisi tunapiga picha, na Mchina ana kitenzi chake, "pai", ambacho pia ni cha kupiga, kupiga kwa kiganja. Kuoga: "take a bath", na sisi tuna kitenzi kimoja kinachotosha, oga. Kupumzika: "take a rest", na kwetu tena ni neno moja, pumzika. Kuandika yale mwalimu anayosema: "take notes". Mtihani: "take an exam". Kupima joto la mgonjwa: "take his temperature". Mchina hapo husema "liang", yaani pima, kama sisi.

Sasa turudi kwenye lile jibu letu la "chukua". Kati ya mifano yote hiyo, dawa, basi, picha, kuoga, kupumzika, kuandika, mtihani, joto la mwili, ni wapi tumeweza kuliingiza neno "chukua" likakaa vizuri? Hakuna. Hata mahali pamoja. Ile maana tuliyoandika darasani ni ya kweli, lakini ni ya kona moja tu ya kitenzi, pale mkono unaposhika kitu. Nje ya kona hiyo mara nyingi haina msaada.

Basi uzito uko wapi? Hapa ndipo kiini cha mazungumzo ya leo kilipo, nami nitalirudia jambo hili. Uzito uko kwenye neno linalofuata. Katika "take a bath", neno lenye habari ni "bath". Katika "take a rest", neno lenye habari ni "rest". Kitenzi "take" kimesimama pale kwa sababu Kiingereza kinataka kitenzi kisimame pale. Kimebeba wakati na mtenda, basi. Ukitaka kujua "take" inasema nini, usiikodolee macho yenyewe. Tazama mwenzake.

Na mwenzake hachaguliwi kwa mantiki. Huchaguliwa kwa mazoea ya watu. Mwingereza wa London huweza kusema "have a bath", na Mmarekani wa Chicago akasema "take a bath", na wote wametoka majini. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini anasema hivyo, hatakuwa na jibu, kama wewe usivyo na jibu ukiulizwa kwa nini unapiga pasi.

Ah, tumefika kwa "piga". Nilikuwa napangoja kwa hamu, maana hapa ndipo Mchina na Mswahili wanapokutana kama ndugu waliopotezana.

Wachina wana kitenzi "da". Maana yake ya kwanza, ile ya kwenye daftari, ni kupiga: kupiga kwa mkono au kwa fimbo. Sasa sikilizeni jinsi kinavyotumika. Kupiga simu ni "da dianhua", na "dianhua" ni simu. Kupiga sindano ni "da zhen", na "zhen" ni sindano. Kupiga ngoma ni "da gu". Kupiga miayo ni "da haqian". Kupiga chafya ni "da penti". Radi ikipiga, kwao nako ni "da lei". Mnalisikia hilo? Miayo na chafya, vitu ambavyo havina fimbo wala ngumi, Mchina anavipiga na Mswahili anavipiga. Ni watu walio mbali kabisa na sisi, lugha zetu si za ukoo mmoja hata kidogo, lakini sote tumechukua kitenzi cha mkono mzito tukakifanya kibarua cha kila shughuli.

Halafu njia zinaachana, kama ilivyo kawaida ya lugha. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga moyo konde. Mchina hapigi hizo. Yeye ana "da che", na "che" ni gari: ndivyo anavyosema anapokodi teksi. Ana "da bao" anapomwomba mhudumu wa hoteli amfungie chakula akale nyumbani. Na Mwingereza, kwa yote mawili, hutumia nini? "Take a taxi". "Takeaway". Kitenzi chetu cha leo kimerudi tena.

Sasa nawaomba mlione jambo hili vizuri, kwa sababu walimu wengi hulipita. Mwanafunzi wa Kichina anayeshangaa kwamba "take" ina maana nyingi mno, tayari ana kitenzi cha namna hiyo kinywani mwake tangu utotoni. Hajawahi kukikariri kwa orodha. Hajawahi kuandika kwamba "da" ina maana ya kwanza, ya pili, ya kumi na tisa. Alisikia "da dianhua" kama kitu kimoja, "da zhen" kama kitu kimoja, na siku alipochomwa sindano akiwa mtoto alijua bila kufundishwa kwamba hakuna aliyempiga. Na wewe msikilizaji, ulijifunza "piga" vivyo hivyo. Hakuna aliyekukalisha chini akakueleza kwamba katika "piga pasi" hakuna ugomvi. Ulisikia jozi nzima, ukaimeza nzima.

Basi kama ningekuwa na darasa la Wachina mbele yangu kesho asubuhi, nisingeanza na "take" hata kidogo. Ningeanza na "da". Ningewaambia wataje kila wanachokipiga, wataje hadi ubao ujae, wajionee wenyewe. Ndipo ningesema: haya, Waingereza nao wana chao, kinaitwa "take", na wenzake ni hawa. Na darasa la Waswahili ningelianzia kwa "piga". Dakika kumi tu, na woga ungepungua.

Tupumue kidogo hapa, niwape kipande cha historia, kwa sababu kinatia moyo. Je, mnajua kwamba Waingereza wenyewe "take" waliipata kwa wageni? Katika Kiingereza cha kale kitenzi cha kuchukua kilikuwa "niman", ndugu ya "nehmen" ya Wajerumani ambayo ipo hadi leo. Wakaja Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, wakavamia, na katika karne ya 9 wengi wao wakaweka makazi mashariki mwa Uingereza, wakalima, wakaoa, wakafanya biashara na wenyeji. Wao walisema "taka", na mfanano wake na "kutaka" kwetu ni wa bahati tu. Pole kwa pole "niman" ikarudi nyuma, na ile ya wageni ikashika nafasi. Masalia ya "niman" bado yapo kwenye neno "numb", la kufa ganzi, kiungo ambacho hisia zake zimechukuliwa. Kwa hiyo kitenzi tunachokihangaikia leo, Waingereza nao walikizoea kwa kuishi na watu waliokisema kwa namna nyingine. Mtu yeyote mzima anaweza kukizoea.

Tuendelee. Kuna upande wa pili wa "take", na huu ndio unaowatoa Wachina jasho. Ni pale kinapofuatwa na kineno kidogo: "off", "up", "in", "over", "after", "on". Mwaka 2004 watafiti wawili, Liao na Fukuya, walichapisha utafiti juu ya Wachina wanaojifunza Kiingereza na vitenzi vya namna hii. Waliona kwamba wanafunzi wa kiwango cha kati huvikwepa. Wakipewa nafasi ya kuchagua, huchagua kitenzi cha neno moja, kilicho wazi, hata pale ambapo Mwingereza mwenyewe angetumia kile cha maneno mawili. Waliokwenda mbali zaidi katika lugha hawakuvikwepa kwa kiasi hicho.

Kwa nini wanavikwepa? Tuchukue "take off" peke yake. "Take off your shoes": vua viatu. "The plane took off": ndege imepaa. Mchina ana vitenzi viwili tofauti kabisa hapo, "tuo" kwa viatu, na "qifei" kwa ndege. Sisi pia tuna viwili, vua na paa. Biashara ya mtu nayo huweza "take off", ikashika kasi. Na mtu akiomba ruhusa kazini ya siku moja, "takes a day off". Sasa mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "take" ni chukua na "off" ni mbali, ajumlishe vipi hadi apate ndege angani?

Lakini ngojeni. Kichina nacho kina desturi inayokaribiana na hii. Mchina hufunga kineno cha mwelekeo nyuma ya kitenzi. "Na" ni shika, chukua. "Na zou" ni chukua uondoke nacho, sawa na "take away". "Na chulai" ni chukua ukitoe nje, sawa na "take out". Na vineno hivyo vya mwelekeo kwa Kichina havibaki kwenye mwendo wa miguu tu. Kuna "qilai", kuinuka juu. Mtu akicheka na kicheko ndiyo kimeanza, husemwa "xiao qilai", acheke ainuke. Akikumbuka kitu kilichokuwa kimempotea akilini, "xiang qilai", awaze kiinuke. Kwa hiyo Mchina anajua kabisa, ndani ya lugha yake, kwamba kineno cha "juu" kinaweza kuacha kuwa juu ya kweli kikawa mwanzo wa jambo. Mwambie sasa kwamba Mwingereza akianza kujifunza kupaka rangi picha au kucheza tenisi husema "take up painting", "take up tennis". "Up" hiyo ni binamu wa "qilai" yake. Ataielewa haraka kuliko sisi, kwa sababu sisi kazi hiyo tunaifanya kwa viambishi ndani ya kitenzi chenyewe: chukua, chukulia, chukuliwa, chukuana. Lugha yetu huweka mkia ndani, zao huuweka nje.

Na kwenye kuleta na kupeleka, je? Hapo Mswahili anatembea kifua mbele. Kiingereza hutofautisha "bring" na "take", na sisi tuna leta na peleka, sawasawa kabisa. "Take this letter to the chairman": peleka barua hii kwa mwenyekiti. Mchina ana kitenzi kimoja, "dai", halafu anaongeza njoo au nenda: "dai lai", "dai qu". Mwanafunzi wa Kichina akichanganya "bring" na "take", mwambie asikilize "lai" na "qu" za kwao, atajua njia.

Nimesema "take after"? Bado. Hii naipenda. "She takes after her mother". Sisi tunasema mtoto amechukua sura ya mama yake, au amefuata upande wa mama. Wachina, hasa wa kaskazini, wana kitenzi "sui", na maana yake ni kufuata: mtoto "sui" baba yake, anamfuata baba yake kwa sura. Kiingereza kina kuchukua, na "after" ni nyuma, ni kufuata. Lugha tatu zimemtazama mtoto mchanga zikaona jambo lile lile. Na kuna mahali pengine zinapokutana: pale unapotaka kutoa mfano. Sisi tunasema "chukua mfano huu". Mwingereza husema "take, for example". Mchina husema "na", akataja kitu chenyewe, akamalizia "lai shuo", tukisemee hicho. Wote watatu tumenyoosha mkono kuushika mfano kana kwamba uko mezani. Mahali pa namna hii mwalimu apashike kwa nguvu, mwanafunzi apate pa kusimama.

Semi nazo. "Take it easy": usijisumbue, taratibu. Mchina ana "man man lai", njoo polepole, na hata anapoagana na mgeni mlangoni humwambia "man zou", tembea polepole, jinsi Mwingereza anavyosema "take care". "Take your time": usiwe na haraka. "Take someone for a ride": huyo wa kupelekwa matembezi ametapeliwa, na kijana wa Dar es Salaam atakwambia ameingizwa mjini. Mchina atasema "shang dang", maneno ambayo ndani yake mna jambo la kuweka rehani. Usimfundishe Mchina neno kwa neno hapa. Mpe hadithi fupi ya mtu aliyeuziwa simu mbovu, umalizie na usemi.

Sasa niseme juu ya kosa moja la kisarufi, kwa sababu nalisikia pande zote mbili, kwao na kwetu, na linauma kidogo masikioni. "Take place", kufanyika, kutokea. Mkutano umefanyika jana: "The meeting took place yesterday". Wanafunzi wengi wa Kichina huandika "The meeting was taken place". Wanafikiri hivi: mkutano haujifanyi wenyewe, watu ndio wanaoufanya, kwa hiyo lazima kitenzi kiwe cha kutendwa. Na sisi, kwa kuwa tunasema "umefanyika" au "umefanywa", tunaingia shimo lile lile. Katika "take place" hakuna anayetendwa. Mkutano wenyewe ndio unaotwaa nafasi yake. Shika jozi hiyo kama ilivyo: "took place", "has taken place", "will take place". Kamwe "was taken place".

Na hapo nimegusa "took" na "taken". Tuwahurumie wenzetu. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Jana, leo, kesho, "na" ni "na". Mwanafunzi huyu anatoka huko, anakutana na "take", "took", "taken", na bado hajafika kwenye "off" na "up". Sisi tunaosema nilichukua, nimechukua, nitachukua, angalau tumezoea kitenzi kinachovaa nguo.

Na muda? "It takes two hours". Hapa Mswahili hana shida: inachukua saa mbili. Mchina kwa kawaida huanza na mtu mwenyewe: mimi nimetumia saa mbili, na kitenzi chake ni "hua". Hiyo "it" isiyo na mwenyewe inamsumbua. Mpe sentensi za safari: kutoka nyumbani hadi kazini, kutoka Beijing hadi Shanghai kwa treni, kupika wali. "It takes, it takes, it takes." Arudie mpaka ulimi uache kuuliza "it" ni nani.

Mnaona kwamba narudia neno "sentensi", narudia neno "jozi". Nina sababu. China kuna desturi kubwa ya kukariri msamiati. Wanaiita "bei danci". Mwanafunzi anayejiandaa kwa gaokao, ule mtihani wa kuingia chuo kikuu, hubeba kijitabu cha maneno kila mahali, neno la Kiingereza kushoto, la Kichina kulia. Na sisi tuna madaftari yale yale. Watu huilaumu desturi hii, wakisema kukariri ni ujinga. Mimi sisemi hivyo. Kumbukumbu ni mali, na Wachina wameilea vizuri. Ninachosema ni kwamba wanaikabidhi kitu kisichofaa. Akili inayoweza kubeba maneno elfu kadhaa yaliyo peke yake inaweza kubeba sentensi mia chache zilizo hai, na faida yake itakuwa kubwa zaidi. Tena baadhi yao wamekuwa wakifanya hivyo kwa muda mrefu. Kitabu cha L. G. Alexander, "New Concept English", kilichotoka mwaka 1967, kimekaririwa na Wachina wengi mno, habari nzima nzima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na mwaka 1982 televisheni ya taifa ya China ilianza kuonyesha masomo ya BBC yaitwayo "Follow Me", yakiongozwa na Kathy Flower, na watu wakakaa mbele ya televisheni kujifunza Kiingereza kupitia maigizo mafupi, mtu akiuliza njia, mtu akiagiza chakula. Hapo "take" inakuja na mwenzake, na sauti, na uso wa msemaji. Haiji peke yake kwenye safu ya kushoto.

Hata kamusi bora ya wanafunzi ilizaliwa kutokana na wazo hili, na ilizaliwa Asia. Mwingereza A. S. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha. Huko alifanya kazi na Mwingereza mwenzake, Harold Palmer, na wakakusanya jozi za maneno, kitenzi gani huandamana na nomino gani, kwa sababu waliona wanafunzi wao wa Kijapani wanajua maneno lakini hawajui yanavyooana. Kamusi aliyoiandaa Hornby na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita ikiwa inawaka, na mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya. Leo inaitwa Oxford Advanced Learner's Dictionary. Iko kwenye maktaba za shule zetu, na toleo lake la Kiingereza na Kichina liko mikononi mwa wanafunzi wengi wa China. Ukiifungua kwenye "take", usisome maana halafu ukaifunga. Soma mifano. Mifano ndiyo kamusi.

Nao Wachina wameyatazama makosa yao wenyewe kwa ujasiri. Mwaka 2003 watafiti wawili, Gui Shichun na Yang Huizhong, walitoa mkusanyo wa insha za wanafunzi wa Kichina, wa sekondari hadi vyuo vikuu, maneno kama milioni moja, na makosa yametiwa alama. Natamani siku moja tuwe na mkusanyo wa namna hiyo wa Kiingereza cha watoto wetu wa Tanzania na Kenya, ili mwalimu wa Tabora asifundishe kwa kubahatisha. Nalisema hili kwa moyo wote. Watoto wanafeli kwa mambo yanayoweza kuonekana na kuelezwa.

Kabla muda haujaniishia, kazi ya wiki hii. Chukua karatasi. Andika vitu vitano unavyovipiga kwa Kiswahili, vitano tu, ila visiwe simu wala picha. Mbele ya kila kimoja, andika Mwingereza anasemaje. Utaona wapi anatumia "take", wapi "make", wapi "give", na wapi ana kitenzi kingine kabisa, kama cha kupiga pasi au kupiga kura. Kama una jirani au mfanyakazi mwenzako wa Kichina, mwombe naye akupe vitano vya "da". Kaeni pamoja, mlinganishe. Majibu yenu nileteeni, nitayasoma hapa hapa wiki ijayo, na tutaanza na lile swali ambalo leo sijaligusa: kwa nini Mchina husema "open the light", na sisi wenyewe tunafungua redio?